Mashine ya Wazi

Tangu binti yake akiwa wa kubebwa mgongoni, Kulthumu alikuwa akiwaandikia watu barua na maombi, mlangoni pa soko la Rumonge. Ordinateri yake ya zamani, kompyuta aliyoandikia, ilipokufa, Rachid, mtoto wa kaka yake aliyesoma Bujumbura, alimuundia nyingine. Akamwapia kwamba ubongo wa mashine hiyo, ile chipu inayofanya hesabu zote, si mali ya kampuni yoyote: kanuni zinazouendesha ziko wazi, mtu wa Rumonge anaweza kuzisoma sawa na mtu wa Ulaya. Kulthumu alilipenda neno lile. Akaliandika kwa herufi kubwa, akalibandika ukutani nje: MASHINE YA WAZI.

Barua ilizitoa safi. Kisha Ijumaa moja, saa nane kasoro, akaingia Zipora, mama aliyerudi kutoka kambi za Tanzania, akiwa na kle ya USB, kile kijiti cha kuhifadhia mafaili, aliyopewa na ofisi ya mashamba. Ndani yake mlikuwa na programu ya kujazia madai. Michikichi ya marehemu baba yake ilikuwa inavunwa na mtu mwingine, na mwisho wa kudai ulikuwa saa tisa siku hiyohiyo.

Kulthumu akachomeka kle, akabonyeza. Akabonyeza tena, polepole, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.

"Inakataa?" Zipora aliuliza.

"Haikatai, mama. Haisikii."

Akampigia Rachid simu, akamweleza.

"Shangazi, programu hiyo imetengenezewa ubongo wa aina nyingine. Ofisi ikitoa maandishi ya ndani ya programu, nitaijenga upya kwa mashine yetu."

"Watatoa leo?"

"Hawajawahi kutoa. Na ni haki yetu kuyapata."

Kulthumu alijua ni haki. Haki yenyewe ilikuwa imekaa hapo mezani, inawaka taa, haina la kufanya.

"Nenda kwa Melkiades ng'ambo ya barabara," alimwambia Zipora. "Yeye ana mashine ya kawaida."

"Huko ndiko nilikotoka. Nilikuwa mtu wa nne kwenye mstari." Zipora alionyesha ukutani. "Nikasoma karatasi yako. Kwetu kambini, kiti kikiwa wazi maana yake hakuna aliyekaa. Nikasema, huku hakuna watu, niwahi."

Kulthumu akafunga mlango, akavuka naye barabara. Mstari ulikuwa umefika kwenye madumu ya mawese. Wakasimama mwisho, hakuna aliyetaka kuwapisha, kila mtu ana shamba lake.

Saa tisa, Melkiades alipowaambia waliobaki kwamba muda umekwisha, waende nyumbani, Zipora alikuwa bado ameishika kle kwa mikono miwili.