Jino la Mutoto wa Mama Ngalula

Bale benye kunicheka kule cité, mutaa kwenye tunakaa, bacheke tu. Ndiyo, ni miye nilimuwekea ule mutoto jino.

Kazi yangu kwa nyumba ya foto, hapa Élisabethville, ni kutengeneza sura za batoto. Mbele foto itoke, nakamata kalamu nyembamba na kuchora juu ya kioo ya negatifu, kwenye sura inashikwa kwanza. Makamasi nafuta, jicho lenye kulala nafungua, na bamama banafurahi.

Mama Ngalula alileta binti yake mudogo. Mutoto alicheka vizuri, lakini mufizi mutupu kama ya muzee! Baba yake iko anatumika kazi Kolwezi, hajamuona bado. Nikaona huruma, nikamuchorea jino moja jeupe. Hata leo nasema, lilikuwa jino muzuri. Shida ni kwamba kioo niliikamata kichwa chini, na jino likaenda kwa mufizi ya juu.

Siku ya kuchukua foto, Mama Ngalula alikuya na mama mukwe wake. Yule muzee akaangalia, akapiga kelele mbele ya bakiliani benye kungojea foto zabo: "Jino ya juu ndiyo imetangulia? Mukosi imeingia kwetu!"

Mama Ngalula akalia, maana mutoto wa namna ile hata ndugu banamuogopa. Lakini miye si muntu wa kuomba pole mbele ya bantu.

"Mama," nikasema, "foto haina uongo. Labda jino imeota na hamukuiona."

Muzee akatia kidole kinywani mwa mutoto, akakizungusha juu, akakizungusha chini. Akakitoa polepole, akakipangusa. Kisha akatazama ile kalamu nyuma ya sikio yangu.