Mama Chupa na Damu ya Mara ya Pili

Saa mbili asubuhi, benchi la nje ya maabara ya kituo cha afya limejaa wajawazito. Ndani, mwanamke wa miaka arobaini na sita anapokea chupa ndogo za mkojo, anaandika namba, anachovya kijiti na kusubiri kibadilike rangi. Wagonjwa humwita Mama Chupa. Jina limemkaa.

"Mimi mbona siumwi popote?" analalamika mmoja, tumbo la miezi sita likimtangulia mlangoni.

"Ndiyo maana nakupima, mwanangu. Anayeumwa huja mwenyewe."

Kwa siku hupima hadi wanawake arobaini, kwa hadubini moja. Maambukizi ya mkojo, anasema, huweza kukaa kimya, kisha yakapanda kwenye figo au kuleta uchungu kabla ya wakati. Yeye mwenyewe alijifungua mtoto wake wa kwanza mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto hakuishi.

"Hakuna aliyeniomba mkojo," anasema, na kuinamia tena hadubini.

Mwaka jana kipimo kingine kiliigusa familia yake. Shemeji yake, fundi seremala, aliletwa kituoni kifua kikimbana. Kipimo cha damu kinachoonyesha kama msuli wa moyo umeumia kilitoka safi. Seremala akaanza kuvaa viatu.

"Shemeji, safari ya wapi?"

"Si umesema mzima? Kiungulia tu hiki."

"Nimesema damu ya sasa haijaonyesha. Moyo ukiumia, alama yake huchelewa kuingia kwenye damu. Keti, tunarudia baada ya saa tatu."

"Mwanamke king'ang'anizi wewe! Kaka anaishije na wewe?"

"Anaishi. Hilo ndilo la maana."

Akaketi, kwa kununa. Kipimo cha pili kikasema kweli: moyo ulikuwa umeumia. Daktari akamkimbiza hospitali kubwa, na mshipa wa moyo ulioziba ukazibuliwa siku ileile. Sasa anaranda mbao nusu siku, na hamtanii tena shemejiye kuhusu ung'ang'anizi.

Kinachomkera Mama Chupa ni umbali. Mkojo wenye utata hupelekwa mji mwingine kuoteshwa vijidudu, ili ijulikane dawa ipi itawaua. Majibu huchukua siku tano, na kuna wanaochoka kufuatilia.

Ameomba kabati la joto la kuoteshea vijidudu hapahapa kituoni. Stoo ya mafaili, ambako anataka likae, ameshaipima kwa futi na kuifagia mwenyewe, ingawa kibali hakijatoka.

"Nimebakiza miaka kumi na minne nistaafu," anasema. "Mimi naweza kungoja. Mimba haingoji."