Fundi Cherehani Pangoni

Dada yangu alimchagua mtu wake wa kwanza kwenye gemu kwa kuangalia mshono wa gauni. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mkasi mkononi, nikamwona kwa macho yangu haya mawili. Watu wengine wakianza mchezo huuliza huyu ana nguvu gani, yule anapigana vipi. Yeye akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta, akasema, "Tazama mikunjo ya kiuno hiyo ilivyokaa! Namtaka huyu." Akabonyeza. Kumbe ni mchawi wa moto, wa kupulizwa tu akaanguka. Siku ileile akauawa na panya.

"Panya, dada?" nikamwuliza. "Panya ndiye kakuua?"

"Alikuwa panya mkubwa," akanijibu, na kununa akanuna kweli.

Mimi na dada tuna duka la ushonaji. Mimi nakata, yeye anashona, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayeharibu. Ana mtoto mmoja tu, binti, aliyekwenda nchi ya mbali kuuguza wazee wa watu. Wakipigiana simu ungedhani ni watu wanaoogopa kuvunja vyombo. Umekula? Nimekula, mama. Kazi inaendaje? Nzuri tu, mama. Halafu kimya, halafu haya mama, baadaye. Dada anabaki ameishika simu, anaitazama.

Sasa siku moja binti akaponyokwa na neno kwamba kila Jumamosi alasiri yeye na marafiki wanacheza gemu kwenye mtandao, kila mtu kwao, huku wakizungumza. "Mnazungumza nini muda wote huo?" dada akauliza. "Ah, mama, kila kitu. Tunacheka tu." Dada akarudi kwenye cherehani, akaushona mkono wa koti la mteja ndani nje. Sijawahi kumwona akikosea hivyo. Nikataka kumtania, nikautazama uso wake, nikameza utani wangu.

"Kumbe anaongea," akasema. "Ni kwangu tu ndiko haongei."

Basi hivyo ndivyo fundi mzima alivyoingia kwenye gemu. Aliomba acheze nao; binti alisitasita weee, mwisho akakubali, ila kwa sharti. "Mama, usiwaambie wewe ni nani. Tafadhali. Utaniaibisha." Dada akasema sawa. Mimi nilichemka. Mtu umemzaa, umemlea, leo uwe aibu yake! Nilitaka kumpigia simu nimpe vidonge vyake, dada akaninyang'anya simu.

Na hilo halikuwa sharti pekee. Kundi lao lina kiongozi wanayemwita Nahodha. Nahodha akasema kundi limepungukiwa mponyaji, na huyu mgeni atajaribiwa Jumamosi kwenye pango la mjusi. Akiweza, nafasi ni yake. Asipoweza atafutwe mwingine, maana nafasi ni hiyo moja. Dada akamfuta yule mchawi mwenye gauni, akatengeneza mponyaji. Binti alimweleza kwamba kwa anayeanza hakuna kazi rahisi kama hiyo: unakaa nyuma, hupigani na mtu, unawarudishia wenzako uhai ukiona umepungua.

Rahisi! Kwanza alipewa pointi za kumjenga mtu wake, azigawe kwenye nguvu, kasi, akili, uhai na bahati. Akazigawa sawasawa, kila kimoja fungu lake. Binti akapiga simu, anacheka mpaka anakohoa. "Mama, ziweke kwenye akili na uhai. Mponyaji nguvu za nini?"

"Nitabaguaje?" dada akasema. "Nguvu nayo ikiona inanyimwa?"

"Mama, si watoto hao!"

Walibishana mpaka chai yangu ikapoa, na mimi nikagundua kitu, nikanyamaza nacho: hiyo ilikuwa simu yao ndefu kuliko zote tangu binti aondoke.

Pili, vitufe. Vya kuponya vilikuwa juu kwenye tarakimu, na dada ana kidole cha shahada cha kushoto kilichotobolewa na sindano ya cherehani zamani, hakikunjiki. Akikinyoosha kuponya, anabonyeza cha jirani, mponyaji anaanza kucheza ngoma mbele ya adui. Nikaona hapana. Nikaingia kwenye mipangilio nikavihamisha vyote. Kutembea tukakupeleka kwenye kipanya. Kuponya tukakuweka kwenye kile kitufe kirefu cha chini, dole gumba likipapasa tu linakipata. Kitufe hicho kilikuwa cha kuruka. Kuruka tukakufuta, umri wetu huu turuke twende wapi? Ngao nikaiweka kwenye herufi chini ya kidole cha kati, nikaibandika kipande cha mahameli, na kukimbia pembeni yake nikakubandika kipande cha jinzi, ili vidole vijue vilipo bila macho kuhangaika. Dada akapapasa mahameli, akasema nimekata upande. Asante yake hiyo.

Lakini lililokuwa likimwua hasa ni mguu. Fundi wa cherehani akishtuka huinua mguu kwenye pedali, na kila kitu husimama. Basi dada akiona adui, mguu juu! Mikono nayo inaganda, inasubiri mashine isimame, na gemu haisimami. Mponyaji wake aliendelea kutembea, akatumbukia mtoni. Nikamwambia tena na tena, dada, hakuna pedali hapo. Ananijibu najua. Adui akitokea, mguu juu. Mwisho nikamkalisha amekunja miguu yote miwili juu ya kiti, nikaibana kwa mto. "Haya, inua sasa tukuone," nikasema. Akanitukana, lakini mikono ikaanza kufanya kazi.

Jumamosi tukafunga nusu ya mlango wa duka. Hatuna vile vya kuvaa masikioni, kwa hiyo sauti zao zilitoka kwenye spika, nami nikajifanya nakata kitambaa. Nahodha ndiye mlinzi: anasimama mbele na ngao, mjusi anampiga yeye. Binti ni mpiga mishale. "Mponyaji, sheria ni moja," Nahodha akasema. "Mlinzi kwanza. Nikifa mimi, tumekwisha wote."

"Nimekuelewa, Nahodha," dada akasema, kwa sauti ya mteja anayejifanya hajali bei.

Jamani, alikwenda vizuri! Dole gumba linashuka, Nahodha anapona. Mahameli, ngao inawaka. Mmoja wao akasema huyu mgeni ni moto. Nilikuwa nimeacha kukata kitambaa zamani. Mjusi alikuwa amebakiza uhai kidogo tu alipogeuka ghafla, akamchapa binti kwa mkia, akageuka tena akamng'ata Nahodha. Wote wawili wako hoi. Na dada ana dawa ya mtu mmoja.

Akamponya binti.

Nahodha akaanguka. Mjusi akawageukia waliobaki, akawamaliza wote, na dada akawa wa mwisho. 

"Mponyaji," Nahodha akasema, anajizuia. "Nilikuwa nakufa mbele yako. Tulikubaliana nini?"

"Mlinzi kwanza."

"Sasa mpiga mishale wa nini?"

Nikamfinya dada begani asiseme. Hakunisikia.

"Niliona uhai wake unaisha," akasema. "Siwezi kuuona unaisha nikamtazama mtu mwingine. Ni mwanangu. Nisameheni. Tafuteni mponyaji mwingine." Na mkono ukaanza kutafuta kitufe cha kuzimia kompyuta.

"Ngoja, ngoja," Nahodha akasema. "Wewe ndiye yule mama? Unayeshona? Aliyemshonea lile koti la kijani?"

Dada akaniangalia. "Amewaambia habari za koti?"

"Koti tu? Tunakujua mpaka unavyokohoa! Kila Jumamosi ni mama, mama. Akianza kulia inabidi tusimamishe mchezo."

"Nahodha, nyamaza!" binti akasema, na sauti ilikuwa imeshalowa. "Mama, ndiyo maana sikutaka wakujue. Nilijua watakwambia. Sikutaka ujue nalia."

Hasira zangu zote nilizomwekea mtoto yule ziliyeyuka palepale, nikabaki nimeshika mkasi bila kazi. Dada alishusha miguu kwenye kiti, akainama karibu na kompyuta.

"Kazi inaendaje, mwanangu?"

"Ngumu, mama," binti akasema. "Ngumu sana. Nimekukumbuka."

Wenzao wale, Mungu awape heri, wakakaa kimya wakawaacha waongee, na waliongea. Walipomaliza Nahodha akakohoa kidogo, akasema turudi pangoni, mponyaji tunaye. "Ila mama, nakuomba. Mlinzi kwanza."

"Mlinzi kwanza, mwanangu," dada akasema, akafuta macho, akakunja miguu kitini. Nami ninayemjua nikamwambia Nahodha kimoyomoyo, pole baba, umekwisha.