Tuliweka kengele na mlinzi nyumbani Kagongwa: unayetaka kuweka, soma kisa changu kwanza

Wakuu wa baraza, habari za huko mliko. Wakubwa zangu, shikamooni.

Haya yamenipata mwenyewe, sijahadithiwa. Nilikuwa nimeyameza, lakini juzi jirani mpya kaniuliza kengele yetu tuliinunua wapi. Nikasema hapana, leo naandika.

Sisi asili yetu Tabora. Mume wangu, Baba Zuhura, alifungua duka hapa Kagongwa watu walipoanza kumiminika Geita kutafuta dhahabu. Anauza sururu, chumvi, kaniki na taa za chemli. Mara kwa mara huenda stesheni ya Shinyanga kufuata mzigo, na mimi hubaki na mama yangu mzazi.

Mama alikuwa mtu mzima sana, akili imeanza kumtoka. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake. Siku nyingine anajifunga kanga vizuri, anaaga kwamba anakwenda kisimani, na kisima chenyewe kiko Tabora.

Mume wangu alihofia duka. Mimi nilimhofia mama. Ndipo nikadai tuweke ulinzi.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya wenyeji, mwano. Huo ni ukelele wa hatari wa Kisukuma: mmoja akiupiga, kila anayeusikia anaacha jembe, anakimbia, na anaupokeza mbele. Malipo yake ni kwamba na wewe ukisikia wa mwenzio, unakimbia.

Baba Zuhura akacheka. "Huo ni wa wenye ng'ombe. Sisi tuna ng'ombe? Nifunge duka nikakimbize mikia porini?"

Ya pili aliileta bwana mmoja aliyekuwa akizungukia wenye maduka. Anakufungia kengele ya shaba juu ya paa, waya unashuka mpaka mlangoni, na kwetu duka na nyumba hutumia mlango mmoja. Mlango ukifunguliwa, inalia. Na anakupa mlinzi, mtu aliyewahi kuwa askari, wa kulipwa kila mwezi.

Kengele ilikuwa nzuri, jamani. Inasikika mpaka mashamba ya ng'ambo. Mume wangu aliisifia kwa kila mteja mpaka nikaona aibu.

Wiki ileile mbuzi akajikwaa kwenye waya. Kengele ikalia, na majirani wote wakaja mbio, wanaume na mikuki, wanawake na michi.

Mwenzangu alipoona kundi lile mbele ya duka lililojaa, akaingiwa na hofu ya kuporwa. Akasimama mlangoni: "Rudini, rudini! Kengele hii ina mtu wake. Ikilia tena, msije."

Baba Kulwa, jirani yetu wa karibu, alikuwa bado anahema. Akasema, "Haya baba, tumesikia," wakageuka. Mimi niliona vibaya mno, lakini wakuu, mke wa mtu utasema nini mbele za watu?

Masika yakaingia. Baba Zuhura kaenda Shinyanga, duka limefungwa. Nikamwacha mama amelala, nikashuka mtoni na Zuhura kufua, mlinzi akautega waya nyuma yetu.

Nikiwa huko nikasikia kengele. Nikaacha nguo kwenye jiwe, nikambeba mtoto, nikapanda mbio. Nikamkuta mlinzi ameketi palepale pake, rungu mapajani.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Salama kabisa. Ni bibi tu katoka."

Bibi tu katoka.

Nikamuuliza kaelekea wapi. Akasema hakuangalia, kwa kuwa bibi hakuwa amebeba kitu. Nimemchukia yule mtu, lakini nikitulia naona alifanya alichoajiriwa. Aliwekwa azuie wanaoingia.

Mtama ulikuwa umenizidi kimo. Niliita, nikazunguka, sioni hata unyayo, mvua inanyesha. Nikarudi nikaushika ule waya, nikauvuta mpaka ukanikata viganja. Kengele ililia sana.

Toka pale niliwaona watu kwenye shamba la karanga wakiinua vichwa, wakatazama kwetu, kisha wakainama wakaendelea kupalilia.

Nikakimbilia kwa Mama Kulwa, naanguka, nainuka. Akanishika mabega.

"Mayu, mama, mbona hivi?"

"Mama yangu amepotea! Hamkusikia kengele?"

"Tumesikia, tangu ile ya kwanza. Tukajua ni mambo ya duka. Si Baba Zuhura alisema tusije?"

Hakungoja nijibu. Akatoka uani, akaupiga mwano kwa mdomo wake mwenyewe. Ukapokewa ng'ambo, ukapokewa tena mbele. Kabla sijafuta machozi watu walishajaa, na hakuna aliyeniuliza kama tuna ng'ombe.

Walimpata bondeni, mbugani, ameteleza kwenye maji ya matope na kulala kifudifudi. Maji hayakufika hata magotini. Baba Kulwa ndiye aliyemleta mgongoni. Nilipompokea mama yangu, mwili ulikuwa bado una joto.

Joto lile ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Baba Zuhura aliporudi na mzigo wake alikuta uwanja wake umejaa wale wale aliowafukuza. Walikuwa wamechimba kaburi, wameleta kuni na unga. Alikaa chini kati yao, akainamisha kichwa. Siku hizi mwano ukilia hata usiku wa mvua, yeye ndiye wa kwanza kutoka. Mimi humfungulia mlango.

Wakuu, sisemi kengele ni mbaya. Nasema mtu akija kukuuzia, usimwulize inalia kwa sauti gani. Mwulize ikilia nani atakuja, na akija atakuwa anamtafuta nani. Halafu nenda ukawasalimie majirani zako kabla hujamlipa.

Mnaotumia walinzi wa kulipwa huko Kahama na Geita, wenzangu mnafanyaje? Na mwenye mzazi aliyeanza kusahau, mnamlindaje? Andikeni, nasoma kila neno.

Yetu tumeiacha juu ya paa, hakuna mwenye moyo wa kupanda kuishusha. Waya tuliufunga upya, na mlango ukifunguliwa bado inalia vizuri sana.