Sifa za Mshenga Mwambani Tongoni

Siku hizi nafundisha bara, mahali ambapo maji ya kuoga huja mgongoni mwa punda. Wanafunzi wangu huniuliza bahari inafananaje, nami huwajibu kwamba ni kubwa. Ni jibu baya kwa mwalimu, najua. Lakini nikianza kuwaeleza vizuri, mawazo yangu huangukia asubuhi moja ya pwani, Tongoni, na kipindi huisha sijaandika neno ubaoni.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Mabawa kutoka chuoni Uganda, nina shahada na sina usingizi. Mjomba wangu, aliyekuwa mshenga wangu, alikuwa amepeleka barua ya posa kwa karani mmoja wa bandarini, na jibu lilikuwa halijaja. Siku ya kumi na mbili karani yule akatuma salamu: Jumapili ni bamvua, maji yatakupwa sana, twende mwambani tukatazame samaki. Tutakuwa yeye, mwanawe mkubwa na mimi, kwa mashua ya mvuvi wa Tongoni.

Mjomba alifurahi. Mimi niliona mtihani.

"Kwa nini mwambani?" nilimwuliza. "Kwa nini asiniite nyumbani kwake?"

Mjomba akaivua kofia yake, akaichungulia ndani. "Nilimwambia waogelea kama papa."

Mama yangu aliiogopa bahari. Alitulea tukiisikia tu, wala sikuwahi kuingia maji yanayopita magoti.

"Mjomba!"

"Sasa ulitaka nimwambie nini? Kwamba wasoma magazeti? Mshenga hapeleki kasoro, mwanangu. Kasoro wataziona wenyewe."

Jumapili hiyo nilimwamkia karani ufukweni, akaitikia "Marahaba" huku akitazama maji, na mimi nikaanza kupima ile marahaba ilikuwa fupi kiasi gani. Tulipofika mwambani, mvuvi akatia nanga. Karani akatoa kikapuni miwani ya mpira yenye kioo kimoja kipana, pamoja na mrija wa kuvutia pumzi, vitu alivyoachiwa na mhandisi mmoja wa meli. Ilikuwa moja tu kwa sisi watatu.

Yeye aliingia kwanza. Mtu niliyezoea kumwona na koti na tai alibaki na kikoi, akatema mate kwenye kioo kisije kikaingia ukungu, akakisuuza, akateremka. Mgongo wake ulielea kama wa kasa. Alipoinua kichwa alikuwa akicheka peke yake.

"Subhanallah! Njooni muone!"

Mwanawe akafuata, akakaa kidogo, akarudi akitetemeka. "Mimi samaki nimewaona jana, sahanini," alisema. "Haya, bwana msomi. Zamu yako. Papa twende!"

Karani, akiwa bado majini, akatema mate kwenye kioo kwa ajili yangu, akakisuuza kidogo na kuninyooshea miwani. Niliishika nikiwaza. Nikiisuuza tena, nitakuwa nimeonyesha kinyaa kwa mate ya mtu ninayemwomba binti. Nisipoisuuza, je, ataniona mchafu? Niliivaa vilevile. Nikakaa ukingoni mwa mashua, miguu ikining'inia, na chini yangu maji ya kijani yalikuwa hayana mwisho.

"Baba," nilisema, na sauti ilitoka puani kwa sababu ya ile miwani. "Mimi siogelei."

Mwanawe, shemeji yangu wa baadaye, akapiga kofi paja lake. "Wallahi! Na yule mjomba wako?"

Karani hakucheka. Alishika ukingo wa mashua, akanikazia macho. "Na nini kingine alichosema mjomba wako ambacho si kweli?"

Mtu mwingine angesema "hakuna." Mimi niliivua miwani nikaanza kukumbuka. "Alisema sivuti sigara. Nilivuta mbili, chuoni. Alisema nimekhitimu Kurani, kumbe nimefika juzuu ya ishirini tu. Alisema nilikuwa wa kwanza darasani. Nilikuwa wa nne."

Mvuvi alijifanya anakagua kamba ya nanga.

"Ingia," karani alisema mwishowe. "Nitakushika."

Niliivaa tena miwani, nikaingia nikiwa nimefumba macho. Mkono wake ulinikamata kifundo cha mkono, ukiwa mgumu hata ndani ya maji. Nikameza maji mara mbili, nikakohoa kwenye mrija, kisha nikafumbua. Chini palikuwa na matumbawe ya rangi ya manjano na zambarau, mengine kama vichwa vya kabichi, na katikati yake pono wakila. Pono niliwajua wa sokoni, macho yamekauka. Hawa niliwasikia. Walikuwa wakiguguna mwamba, krek, krek, kama watoto wenye ufuta uliokaangwa. Kwa muda ule, labda mara ya kwanza tangu niondoke chuoni, sikuwa nawaza kitu. Nilijua tu kwamba kuna mtu amenishika.

Tuliporudi, mashua ilipogusa mchanga, karani alinigeukia. "Wa nne," alisema, "kati ya wangapi?"

"Kumi na tisa."

Akaguna, akabeba kikapu chake akaenda zake. Mguno ule ulininyima usingizi siku tano.

Ijumaa mjomba alikuja amenuna. Posa imekubaliwa, alisema, lakini karani amemwuliza mbele ya watu kama bado anauza papa.

Mke wangu ananiambia jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla ya Jumapili ile, limewekwa juu ya kabati. Baba yake aliichelewesha barua kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imechoka na habari za samaki, naye alitaka kwanza ajipatie mtu wa kwenda naye. "Hapakuwa na mtihani," anasema. "Karibu zile sigara zako mbili ziiharibu posa."

Nimeliwaza sana jambo hilo, na sijui nicheke au niaibike. Wiki iliyopita baba mkwe alituandikia. Hakuuliza habari za kazi wala za mshahara. Kurasa mbili nzima ameeleza juu ya samaki chewa mkubwa aliyekaa pangoni, ambaye yeye alimtazama mpaka maji yakaanza kujaa. Alikwenda na mvuvi tu, anasema, hakuwa na wa kumwonyesha.