Padri Niliyemfanya Mholanzi

Miaka ile ya tisini, nani Nairobi angetafsiri ripoti ya akiolojia kutoka Kiholanzi hadi Kihispania? Bosi wa ofisi yetu ya tafsiri alisema nisipompata mtu, sina kazi. Kibera nilimjua padri mzungu aliyekuwa akiongea Kihispania na sista mmoja, mzungu pia. Kwetu, kandokando ya ziwa, mapadri wazungu wote walikuwa Waholanzi. Mimi, mbishi wa kuhoji kila kitu, sikuhoji kama huyu naye ni Mholanzi.

Nilimwomba aje ofisini Kawangware kutafsiri kitu kwa Kihispania. Alikuja na sista, nikamwambia sista asubiri nje. Mbele ya bosi na mteja mwenye ripoti, padri aliukodolea macho ukurasa wa kwanza.

“Binti, hii ni lugha gani?”

“Si ni Kiholanzi chenu, Padri!”

“Chetu? Mimi nimetoka Meksiko.”

Bosi alinigeukia. “Msomi wetu, hongera!”

Miaka mingi baadaye nilijua kwamba Mholanzi alikuwa yule sista, na kabla ya utawa alikuwa akichimba magofu.