Kisima cha Mwenyekiti Wetu

Kipindupindu kilipoingia mtaani kwetu Mazwi, mimi nilikuwa mwalimu mpya, kichwa kimejaa falsafa ya ukombozi niliyoisoma chuoni. Kila aliyenisalimia nilimpa somo la wanyonge na minyororo yao. Mama alinivumilia. Kazi yake ilikuwa kupika pombe ya ulezi, na vilabu vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo muda wa kunisikiliza alikuwa nao.

Maji tulichota mtoni. Tuliambiwa tuyachemshe, lakini kuni nazo zilitaka fedha. Kisima safi mtaani kilikuwa kimoja tu, cha mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, aliyeneemeka tangu serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi. Alikifunika kwa bati zito na kukitia kufuli.

Sala zetu zilizunguka nyumba kwa nyumba, na zamu iliyofuata ilikuwa yetu. Mama alikuwa ameshakandika ukuta upya kwa ajili ya wageni. Mwisho wa sala ya wiki ile, mwenyekiti akasimama.

"Ndugu zangu, kwa usalama wetu, mpaka ugonjwa uishe tusalie kwangu. Kwangu maji ni safi."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama akainamisha uso. Damu ikanichemka, nikasimama nikahutubia ukombozi mpaka jasho likanitoka. Nilisema vizuri sana, hata leo sibishani na mtu kuhusu hilo, ila hakuna aliyebadili mawazo.

"Kaa, mwanangu," mama akasema. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Tumekubali, baba. Tutakuja kwako. Na kwa kuwa maji ni safi, tutakuja na ndoo."

Kina mama wakaangua kicheko, na mmoja akauliza aje na ndoo ngapi. Mwenyekiti akatazama huku na huku, mwisho akacheka na yeye. Sidhani kama alipenda. Lakini siku ya sala kufuli lilifunguliwa, tukapanga foleni uani kwake tukiwa na furaha ya watu wa harusini. Tangu hapo tukawa tunachota kila jioni.

Baada ya wiki chache mama akaidai zamu yake. Maji safi, alisema, sasa yapo kila nyumba. Wakampa.

Mwenyekiti akaja, akaketi kwenye mkeka wetu. Mama akampa kikombe cha maji. Akakishika bila kunywa.

"Mama, haya maji..."

"Ya kwako hayo, baba. Kunywa."

Akanywa.